Kifuniko cha Bakuli la Mitsugi

Okimoto Iwazo,
Nyumba za juu, nyuma ya hekalu,
Kure, Hiroshima.
23 Novemba 1936

Mpendwa mdogo wangu Tamezo,

Pokea salamu kutoka huku ulikozaliwa. U mzima? Ile homa inayokurudia kila mvua zikianza imekuacha, au bado inakutafuta? Na mguu ulioangukiwa na gogo, unaukanyagia sawasawa? Mkeo Fusae hajambo? Na mwanao Tokuji? Nataka kusikia kwamba nyote mnakula na kulala.

Sisi tunapumua. Mimi nina nguvu zangu. Hawa vijana wa kiwanda cha meli za jeshi wanaoniita mzee hawawezi kushika nyundo ya hewa toka asubuhi mpaka king'ora cha mchana bila kuiweka chini. Mimi naweza. Sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia linasikia likitaka. Meno yamebaki machache lakini ni yale mazuri.

Kahawa yako tuliipata. Shemeji yako Yasuno aliichemsha punje nzima nzima kama maharage, tukakaa tunangoja ilainike. Haikulainika. Hamaoka akatucheka mpaka akashika ukuta, ndipo akatuambia husagwa. Sasa tunaisaga kwenye kinu cha ufuta. Ni chungu, lakini nainywa kwa kuwa umeichuma kwa mkono wako.

Huyo Hamaoka ndiye anayekuletea barua hii. Ni yule muuza tofu wa chini ya ngazi, anahamia huko Brazili na watoto wake wote. Sikuitia posta, maana mambo ya kiwandani yakipita posta hupakwa wino mweusi, ungepata salamu na jina langu tu. Mpe mahali pa kulala. Anapiga domo sana lakini ni mtu mwema.

Uvumilie mwandiko. Shule niliiacha mapema, unajua, nikashika nyundo. Neno likinishinda naliandika kwa herufi za watoto.

Sasa nije kwenye barua yako ya mwezi wa saba. Umeniandikia kwamba Tokuji hataki kahawa tena. Anataka kurudi Japani aingie kwenye nyambizi kama ndugu yake, mwanangu Mitsugi, na ile picha yake niliyowatumia ameibandika juu ya kitanda. Ukaniomba mimi baba yake mkubwa nimsemee kwa wakubwa, kwa kuwa najulikana, na ukasema atapanda meli ya mwezi wa tatu. Ni kweli najulikana. Jibu langu ni kwamba asije.

Lakini wewe ni mbishi na mimi ni mbishi, tumenyonya ziwa moja. Ukiambiwa usifanye bila kuelezwa sababu, utafanya. Basi nakueleza.

Mitsugi amekufa. Nimeliandika mapema nisije nikaishiwa karatasi. Amekufa mwaka huu.

Ulikuwa hujui kwa sababu sikukuandikia. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa sikubali. Hayo nayo yanakuja.

Unakumbuka nilivyokusifia zile nyambizi. Huku huziita Kaidai, maana yake kubwa za jeshi la maji. Zile tulizokuwa nazo zamani zilikuwa za kuzunguka mlango wa bandari kama bata. Hizi zinavuka bahari kuu zikifuatana na manowari, zinakwenda kule mbali kwenye visiwa na kurudi. Ya kwanza kabisa ilizaliwa hapa Kure na mimi nilikuwepo, nikiwa na nywele. Kila baada ya miaka michache wanabadilisha kidogo, wanarefusha, wanatia injini nyingine, lakini kalafati hawajambadilisha. Ni mimi.

Tokuji hajui kalafati wa chuma hufanya nini, mwambie. Wa mbao hutia nyuzi. Mimi, mabamba yakishafungwa kwa misumari ya ribiti, nashika tindo, naugandamiza ukingo wa bamba mpaka chuma kinaumana na chuma. Kisha chumba kinafungwa, kinajazwa hewa kwa pampu, na wakaguzi wanapita na ndoo ya maji ya sabuni wakipaka kwenye kila ungio. Likitoka povu hata dogo kama yai la samaki, unarudia kazi mbele ya watu. Kwangu halijatoka. Sijisifu, muulize yeyote aliye hai hapa Kure.

Chumba cha mbele cha nyambizi ya Mitsugi nilikiziba mimi, kabla yeye hajaingia jeshini. Alipopangiwa humo humo nilishuka ngazi zote nikimwambia kila mtu. Yasuno akapika wali wa maharage mekundu kama wa siku ya harusi. Hamaoka akasema, "Mzee Iwazo, basi umemjengea mwanao nyumba!"

Nikamjibu, "Tena isiyovuja. Ya kwako wewe ikinyesha unalala na ndoo."

Watu wakacheka. Mitsugi alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Alikuwa haongei sana, unajua alivyokuwa.

Alipoondoka, Yasuno akaanza lile sinia. Wewe unalijua. Mama alikuwekea wewe miaka yote baada ya kwenda Brazili, mpaka alipofariki. Wali, supu ya miso, figili ya chumvi, vijiti vimelazwa mbele ya mahali anapokaa asiyekuwepo, ili asilale njaa huko aliko. Sisi tukimaliza kula, kifuniko cha bakuli la supu kinafunuliwa. Kikiwa na matone kwa ndani, aliye mbali ni mzima. Kikiwa kikavu, si mzima.

Mimi nilikuwa namcheka Yasuno. Nikamwambia, "Mama, supu ya moto ukiifunika lazima itoe jasho. Hata mtoto anajua."

Akasema, "Wewe kunywa yako, Baba Mitsugi. Jasho la mwanangu niachie mimi."

Kila asubuhi matone. Anafunua, anatazama, anasema "haya," anatoa vyombo. Sayo, mke wa Mitsugi, naye akawa hainuki mpaka asikie hiyo "haya." Mimi najifanya natafuta kofia.

Mwezi wa nne wakawa na mazoezi mbali, upande wa kusini. Kulikuwa na ukungu. Nyambizi nyingine ya kwetu ikaigonga ya Mitsugi, na hiyo ya Mitsugi ikazama. Waliokuwa juu wachache waliokotwa. Mitsugi hakuwa juu.

Walikuja maafisa wawili. Yasuno aliwapa mito ya kukalia, hawakukaa. Mkubwa wao akasema, "Mzee Okimoto, mwanao hajulikani alipo."

Nikamwambia, "Anajulikana. Kazi yake ni chumba cha mbele. Imegongwa wapi?"

"Nyuma."

"Basi mbele hakuna maji. Chumba hicho nimekiziba mimi. Nendeni mkamtoe."

Akasema, "Kina ni kirefu, mzee. Wapiga mbizi wamerudi."

"Wapelekeni tena."

Wakainama, wakaenda zao. Yule mdogo alisahau kofia, ikabidi arudi kuichukua, na Sayo akampa kwa mikono miwili.

Asubuhi iliyofuata mimi ndiye niliyefunua kifuniko. Kilikuwa na matone. Nikamwita Yasuno aje aone.

"Si ulisema ni mvuke?"

"Nyamaza. Tazama."

Na siku ya pili yake, matone. Nikaenda kazini kama kawaida, nikawaambia wote kwamba mwanangu yuko chini pale, mkavu, anangoja. Gonda ndiye msimamizi wetu sasa, tindo alijifunza kwangu. Akaniambia, "Fundi, nenda nyumbani ukapumzike." Nikamwambia akapumzike yeye. Maungio yalikuwa yananingoja.

Kisha ikaja asubuhi moja kifuniko kikawa kikavu. Kikavu kabisa. Yasuno alikishika kwa mikono miwili, akakielekeza dirishani, akanitazama.

Nikasema, "Supu imepoa. Umechelewa kuifunika."

Sayo akasema, "Baba, nimeipakua mimi. Ilikuwa ya moto."

"Imepoa!"

Nikaichukua, nikaibandika jikoni mwenyewe, nikachochea moto, nikaipakua, nikaifunika. Nikafunua. Matone. "Mmeona?" Kuanzia hapo sinia nikawa naandaa mimi. Mwanamume wa umri wangu, nimechuchumaa jikoni kila asubuhi nachemsha supu mpaka inatokota. Na kila asubuhi matone, na kila asubuhi nasema "haya."

Jeshi likafanya maombolezo ya wote pamoja. Sikwenda. Kasisi wa hekalu akapanda kwa ajili ya kumpa Mitsugi jina jipya wanalopewa marehemu, nikamwambia mwanangu ana jina. Baba yake Sayo akaja kutoka Takehara kumchukua binti yake. Ni mtu mpole, anatengeneza chumvi. Akasema, "Mzee mwenzangu, mwanangu ni mjane."

Nikasema, "Mjane wa nani? Mumewe yuko chumba cha mbele, hajalowa."

Akakaa na chai yake mpaka ikapoa, akaondoka peke yake. Sayo akabaki. Alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Barua yako ilikuja siku hizo. Niliisoma, nikaiweka chini ya saa.

Mwezi uliopita waliiinua. Waliipitishia minyororo, wakaifunga katikati ya matishari, wakaikokota mpaka hapa Kure, wakaiingiza gudini na kuyatoa maji. Gonda akaja kunichukua. "Njoo, fundi. Lakini usiongee na mtu."

Ilikuwa imeota mwani na chaza. Tobo la nyuma ungeweza kupitisha mkokoteni. Sikulitazama sana, halikuwa upande wangu. Nikaenda mbele, nikakwangua uchafu, nikapitisha mkono kwenye maungio toka chini mpaka nilipofikia. Yote yalikuwa yamesimama. Mkono unajua.

Wakaingia kufungua mlango wa ndani wa chumba cha mbele. Sisi tulikuwa nje, tukasikia hewa inapiga mluzi inatoka. Kisha wakawatoa wale vijana. Walituambia tugeuke, tukageuka. Ilichukua muda.

Gonda akatoka, akanishika bega. Akasema, "Kazi yako, fundi. Hakuna hata tone. Humo ungetandika mkeka ukalala." Alitaka kunifariji.

Nikasema, "Niliwaambia."

Baadaye waliniruhusu kuingia. Palikuwa pakavu. Kulikuwa na gunia la mchele halijavimba. Viatu vilikuwa vimepangwa mstari mmoja kando ya ukuta, kama mlangoni kwa watu. Sijui nani aliwaambia wavivue. Vya Mitsugi navijua, kisigino cha kushoto hulika upande. Vilikuwa vya tatu. Nilivitazama, halafu nikatazama maungio, halafu nikatoka kwa sababu ilikuwa saa ya kula. Nilikula. Nakumbuka ilikuwa samaki mkavu na wali wa shayiri.

Nguo zake walitukabidhi. Yasuno akakinga maji ya mvua kwenye beseni, vile mama alivyotufundisha, nguo ya baharini hutolewa chumvi kwanza ndipo itiwe sabuni. Akaloweka shati. Akachovya kidole, akaonja. Akaonja tena.

"Baba Mitsugi, halina chumvi."

"Halina."

"Halikulowa?"

"Halikulowa."

Akakaa kwenye jiwe la kisima. Akasema, "Ile asubuhi kifuniko kilipokauka…"

Nikamwambia afue, giza linaingia.

Sasa umeelewa, Tamezo, na kama hujaelewa nakuandikia wazi. Wa nyuma maji yaliwachukua mara moja. Wa mbele walibaki na hewa waliyofungiwa nayo, wakaipumua mpaka ikaisha. Ungio lisilopitisha maji halipitishi hewa pia. Naziba pande zote mbili kwa pigo moja. Wale wakaguzi na ndoo yao ya sabuni hawapimi hilo, na mimi sikuwahi kulifikiria, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Tumemzika. Kasisi amempa jina, ni refu, Yasuno analijua. Baba yake Sayo amekuja tena, na safari hii nilimbebea Sayo sanduku lake mimi mwenyewe mpaka chini ya ngazi. Akainama akasema, "Baba, usisahau kula." Nikamwambia nenda, gari moshi haliwangoji. Ni mtoto mzuri. Natumaini ataolewa.

Watu wananiuliza kama nalia. Silii. Nimekaa tu. Kama vile mkono ukishikilia nyundo ya hewa siku nzima, jioni ukiuchoma sindano hausikii. Basi ni hivyo, ila si mkono.

Na kazini naenda. Kuna Kaidai nyingine iko matengenezoni, wanabadilisha mabamba ya mbele. Nilifikiri tindo litanikataa. Halikunikataa. Juzi wakapaka sabuni, povu halikutoka. Gonda akasema safi. Mkono huu haujui kufanya vibaya, nimeutazama sana, haujui.

Kwa hiyo Tokuji asije. Nakujua, utasema kaka amezeeka, amefiwa, amekuwa mwoga, mwakani atabadilika. Au utasema nyambizi ile ilikuwa na ubaya wake na hizi mpya ni bora. Sikiliza vizuri. Haikuwa na ubaya. Ingekuwa inavuja ningekuandikia mlete, tutairekebisha, chumba chake nitakiziba mimi. Ilizibwa vizuri. Hakuna mtu Japani nzima angeiziba vizuri zaidi. Ndiyo maana nakwambia asije.

Akikasirika, akasirike. Mwambie baba mkubwa amekataa kumsemea. Mwambie nimegombana na wakubwa, mwambie nimekunywa sake nikamtukana msimamizi, mwambie sijulikani tena hapa Kure. Hilo la mwisho limenipa taabu kuliandika lakini mwambie. Ile picha aibandue.

Yasuno naye ana lake, ameniagiza niliandike. Anasema Tokuji akipanda ile meli ya mwezi wa tatu, yeye atalazimika kumwekea sinia, na hawezi. Nikamwambia hatalazimika. Nilikichukua kile kifuniko, nikakiweka juu ya chuma cha kazi, nikakipiga pigo moja. Kilikuwa cha mbao nzuri, chenye rangi ya ndani nyekundu, sehemu ya vyombo vya harusi yetu. Bakuli lipo kwenye madhabahu ya nyumbani, mvuke unajiendea juu.

Kwa hiyo hapa kwetu hakuna tena namna ya kujua kama aliye mbali ni mzima. Mwanao mweke mahali ambapo asubuhi ukiamka unamwona kwa macho.

Nisalimie Fusae, umwambie Yasuno bado anavaa ule mkanda aliomshonea. Nisalimie Tokuji, na usimwambie habari ya viatu. Msalimie na mama Kuwabara kama bado yu hai, yule mliyesafiri naye meli moja. Wazee wetu waliotutangulia wawaangalie huko, mvua iwape kahawa na homa ikae mbali na mlango wako.

Ni mimi kaka yako mkubwa, nikupendaye tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni,

Okimoto Iwazo,
kalafati